Pete Katika Tumbo la Bi Kengele

Kidole cha Mkwe kilikuwa bado kimeigusa picha ya eksirei, na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

"Hiyo ni pete yangu," alirudia, safari hii polepole, kama hakimu asomaye hukumu.

Kwa aliyepitwa na wiki jana, mambo yalikuwa hivi. Bi Kengele, mwalimu mkuu mstaafu, aliletwa hospitali tumbo limevimba limekaza kama ngoma, anatapika maji ya kijani, na hajatoa hata upepo tangu juzi yake. Jina hilo walimpa wanafunzi wa zamani, kwa kuwa akiisha kuita, kengele ya shule ilibaki pambo tu. Na siku chache kabla ya tumbo kuanza, mama wa kijana anayemuoa binti yake alikuja na kijana huyo kula kwake mchana ili wapatane mambo ya harusi. Mama huyo, ambaye wodi nzima sasa inamwita Mkwe, alivua pete yake kubwa akaiweka kando ya sahani apate kunawa. Aliporudi mezani, pete haikuwepo.

Hakuna aliyemshuku mtu kwa mdomo. Kwa macho walishuku hadi vitafunio.

Na sasa picha ilikuwa imewekwa kwenye kisanduku cha taa, katika kichumba kilichotengwa na wodi kwa pazia moja tu, na upande wa kulia, chini, karibu na nyonga ya Bi Kengele, palikuwa na duara jeupe. Jeupe ukingoni, tupu katikati. Mtoto wa chekechea angeliita pete.

Daktari alilitazama lile duara, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa daktari wa upasuaji, mpya katika wodi hii, na hiyo ilikuwa nusu tu ya tabu yake. Nusu ya pili ni kwamba Bi Kengele alikuwa amemfundisha. Aliwahi kumsimamisha mbele ya shule nzima kwa kosa la kujibu swali kwa neno "nadhani". Tangu alipomtambua mgonjwa wake, Daktari alikuwa akijikuta anaficha mikono nyuma kila anapomsogelea.

Aliwaomba jamaa watoke nje, kwa kuwa picha ya mgonjwa si gazeti la ukutani. Mkwe alisema hatoki, mali yake iko ndani. Mume wa Bi Kengele, fundi cherehani mpole aitwaye Mzee Uzi, alisema naye hatoki, mke wake ndiye aliyeizunguka hiyo mali.

Basi Daktari akabaki akifikiri hadharani, jambo ambalo madaktari hawalipendi.

Utumbo wa mtu mzima ukiziba, kwa kawaida sababu zinajulikana. Kuna kovu la upasuaji wa zamani, linalonata ndani na kuvuta matumbo kama mshono mbaya. Bi Kengele hajawahi kupasuliwa, ngozi yake haina hata alama. Kuna ngiri, utumbo unapochungulia mahali pasipopaswa. Daktari alikagua kinenani pande zote mbili, huku mgonjwa akimwamuru aangalie upesi na asitoe maoni. Hakukuwa na kitu. Uvimbe mbaya? Huo huja taratibu, mtu akikonda, na Bi Kengele alikuwa hajakonda hata kidogo, na alikuwa tayari kugombana na yeyote mwenye mawazo hayo.

Mkuu wa upasuaji, aliyekuwa kikaoni nje ya hospitali, alisema kwenye simu kwamba ni kovu tu. Daktari akamwambia kovu halipo. Mkuu akasema atafute vizuri.

"Mama, naomba mkono wako," Daktari alimwambia Mkwe.

Akauchukua ule mkono wa kushoto, akaulaza juu ya picha, kidole cha pete kikaingia ndani ya duara. Kikabaki na nafasi. Akaongeza cha kati. Nafasi bado. Akaongeza na cha mwisho, na vidole vitatu vya mwanamke mwenye afya njema vikakaa ndani ya duara bila kubanana.

"Picha hizi hukuza vitu," alisema Mkwe.

Daktari akakubali kwamba hukuza, lakini kidogo tu, la sivyo uti wa mgongo wa Bi Kengele nao ungekuwa wa ng'ombe. Tena pete ya kidoleni, hata mtu mzima akiimeza, mara nyingi hupita yenyewe na kutoka bila kumsumbua mtu.

"Pete yangu ni kubwa," Mkwe alisema, lakini sasa alikuwa anaitazama mikono yake.

Hapo ndipo bwana harusi alipoingia na chupa za maji alizotumwa kununua. Akamtazama mama yake, akaitazama picha, akasikia neno "pete". Chupa moja ikamponyoka ikabingirika hadi chini ya meza. Hakuinama kuiokota.

Alieleza habari yake akiwa ameelekea ukutani. Kwamba alitaka kumtengenezea mchumba wake pete ya mtindo uleule wa mama. Kwamba alitaka iwe siri, iwafurahishe wote wawili. Kwamba pale mezani, mama alipokwenda kunawa, aliichukua ampelekee sonara aige nakshi, akidhani atairudisha kabla haijaulizwa. Kisha ikaulizwa. Na kila siku iliyopita ilifanya kuirudisha kuwe kugumu zaidi.

Akatoa kikaratasi laini mfukoni mwa shati, akakifungua. Pete hiyo hapo, ikiwaka, nzima, haijawahi kuona tumbo la mtu.

Mkwe aliivaa. Akamgeukia Mzee Uzi, akamwinamishia kichwa. Halafu akaitazama tena picha, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sasa hicho ni nini?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza la maana kuulizwa asubuhi ile, na kabla halijapata jibu, nyuma ya pazia ikasikika sauti iliyowafanya wagonjwa wa vitanda vitano wakae wima.

"Nileteeni viatu vyangu. Nimepona."

Daktari alipolifunua pazia alimkuta Bi Kengele ameketi ukingoni mwa kitanda, nywele amezipanga, mpira uliokuwa umepitishwa puani kunyonya maji ya tumbo ameuchomoa mwenyewe na kuukunja vizuri juu ya kabati. Maumivu yamekwisha, alisema. Tumbo limelegea. Na upepo, aliongeza akitazama dirisha kama anayezungumzia hali ya hewa, umetoka.

Furaha ilienea wodini. Bwana harusi, aliyekuwa anatafuta sababu yoyote ya kuondoka chumba alichomo mama yake, alikwisha kwenda kutafuta teksi. Hata Daktari, kwa dakika moja ya udhaifu, alifurahi. Ni raha kuambiwa na mwalimu wako kwamba umemponya, hata kama hujafanya lolote.

Ni Mzee Uzi peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amemshika mkewe bega, anapapasa mshono wa gauni kwa mazoea.

"Hata nyumbani ilikuwa hivihivi," alisema. "Linauma, linaacha, tunashukuru. Kisha linarudi, limeshuka."

Daktari aligeuka. Akamuuliza anamaanisha nini kusema limeshuka.

Mzee Uzi akaeleza kwa kutumia tumbo lake mwenyewe, kama anayempima mteja. Mara ya kwanza mkewe alishika hapa, juu ya kitovu. Likaacha. Mara ya pili akashika hapa, kwenye kitovu chenyewe. Likaacha. Leo alfajiri alishika huku chini, kulia.

Kovu halitembei. Ngiri haihami mtaa. Daktari alirudi kwenye kisanduku cha taa akitembea haraka, na Mkwe akamfuata, kwa kuwa sasa hakuwa na mali ndani lakini alikuwa na hamu.

Safari hii Daktari hakuliangalia duara. Makosa yake ndiyo yalikuwa hayo. Wote walikodolea macho kile kilichong'aa, wakasahau picha iliyobaki. Akaanza juu kabisa, kwenye mbavu, akashuka kidogo kidogo. Alipofika kwenye ini, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa.

Katikati ya weupe wa ini palikuwa na mistari myeusi, myembamba, iliyogawanyika kama kijiti kilichopukutika majani. Weusi katika picha ile ni hewa. Na hewa haina kazi yoyote ndani ya ini la mtu.

Alipoirudia wodi alikuwa amesahau kuficha mikono. Akamuuliza Bi Kengele kama aliwahi kupata maumivu chini ya mbavu za kulia.

Bi Kengele, aliyekuwa na kiatu kimoja mguuni, alijibu kwamba hayo ni vidonda vya tumbo, anavyo miaka mingi, huja akila vya mafuta, na hayahusiani. Tena vilishapona. Mwezi uliopita vilimshika vibaya, akatetemeka kwa homa, kisha siku moja vikatoweka kabisa. Kutoweka kwenyewe kulikuwa kuzuri hivi kwamba dawa zilizobaki alimgawia jirani.

"Mwalimu," alisema Daktari, "vua kiatu."

Hakuna aliyekumbuka Bi Kengele kuambiwa hivyo na mtu yeyote, akiwemo mumewe.

Daktari aliisukuma mashine ya mawimbi ya sauti hadi kitandani, akampaka ute wa baridi chini ya mbavu, akatafuta. Mfuko wa nyongo, ambao kwa mtu wa kawaida huonekana kama peya ndogo iliyojaa maji, kwa Bi Kengele ulikuwa umesinyaa, umejikunja, na ndani yake mna hewa. Daktari alipumua kwa nguvu. Duara, hewa ndani ya ini na mfuko uliosinyaa: mambo matatu sasa yalikuwa yanasema kitu kimoja.

Bi Kengele alimtazama kwa jicho ambalo Daktari alilijua tangu shuleni. Ni jicho la chumba cha mtihani.

"Eleza," alisema. "Na usiniambie unadhani."

Daktari akachora kwa kidole kwenye shuka. Akasema maumivu yale ya miaka mingi hayakuwa vidonda. Yalikuwa jiwe, lililoota ndani ya mfuko wa nyongo na kukua taratibu. Likausugua ukuta wa mfuko hadi mfuko ukavimba na kushikamana na utumbo ulio jirani yake. Ile homa ya mwezi uliopita ndiyo siku jiwe lilipotoboa ukuta na kuhamia upande wa pili. Mfuko ukapata nafasi, maumivu yakaisha, dawa akapewa jirani.

"Tangu hapo linasafiri," aliendelea. "Likikwama, unaumwa. Likijinasua, unaomba viatu. Na tundu lililolipitisha limeacha njia, hewa ya utumbo imepanda mpaka kwenye ini."

"Na hiyo pete?"

"Ni ganda la jiwe lenyewe. Nje limeshika chokaa, ndani halina, ndiyo maana kwenye picha linaonekana duara tupu. Lipo pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mnene. Ndipo pembamba kuliko kote. Hapo halitapita."

Bi Kengele alifikiri. Akauliza kwa nini lisiwe kokwa la tunda. Daktari akajibu kwamba kokwa halipeleki hewa kwenye ini. Akauliza kwa nini lisiwe uvimbe. Daktari akajibu kwamba uvimbe haushuki kutoka kitovuni hadi nyongani kwa siku chache. Akauliza ni watu wangapi Daktari amewaona na ugonjwa huo kwa macho yake.

Daktari alitaka sana kudanganya.

"Hakuna, Mwalimu. Wewe ndiye wa kwanza."

Mzee Uzi alikaa kitandani. Mkwe, bila kuombwa, akamshika mkono.

"Na kama umekosea?" Bi Kengele aliuliza. Haikuwa sauti ya mtihani tena.

"Nikikosea nitakuwa nimekupasua bure, na mimi mwenyewe ndiye nitakayekuja kukwambia. Lakini tukikaa tunangoja, utumbo utaoza ndani kwa ndani, na siku hiyo hutakuwa na nguvu ya kuniuliza maswali."

Bi Kengele alifungua mdomo kuuliza jingine. Halikutoka. Uso ulibadilika rangi, akaushika mkono wa Daktari, akaubana hadi vifundo vikalia. Maumivu yalikuwa yamerudi, pale pale chini kulia, na safari hii hayakubisha hodi.

Alisubiri wimbi lipungue. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Umefaulu," alisema. "Lete hiyo karatasi nitie sahihi."

Akatia sahihi. Lakini kwanza aliomba kalamu nyekundu, kwa sababu neno "upasuaji" lilikuwa limeandikwa vibaya kwenye mstari wa tatu.

Mkuu wa upasuaji alipopigiwa tena, alicheka. Kitu kama hicho, alisema, yeye amekisoma vitabuni tu, na vijana wa siku hizi wakisoma kurasa mbili wanataka kuona magonjwa yote kwa wiki moja. Daktari akangoja amalize. Kisha akamwelezea kijiti cheusi ndani ya ini, na mfuko uliosinyaa wenye hewa. Upande wa pili wa simu kikasikika kiti kikisukumwa nyuma.

"Fungua," Mkuu alisema. "Usinisubiri. Mimi naondoka huku sasa hivi."

Walimtoa Bi Kengele wodini kwa kitanda cha magurudumu, mpira umerudishwa puani, dripu inaning'inia. Mkwe alitembea kando yake kwenye ujia wote mrefu, akiwa ameigeuza pete yake ili jiwe lielekee ndani ya kiganja. Walipofika kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, akainama.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "nilikufikiria vibaya."

"Najua," Bi Kengele alijibu. "Siku ile uliniangalia mdomo kila nilipotafuna. Nilishindwa hata kuongeza mchuzi."

Mkwe akacheka, kisha machozi yakamtoka, na akayafuta kwa mkono usio na pete. Bi Kengele akamwambia amtunzie mume wake, kwa kuwa akiachwa peke yake na hofu hushona vitu ambavyo havijachanika. Mlango ukafungwa.

Mtaalamu wa usingizi alimtaka Bi Kengele ahesabu. Akahesabu kwa sauti safi, akamsahihisha mtaalamu namna anavyoshika barakoa, akalala katikati ya sentensi. Nesi wa vyombo alisema hajawahi kuona mtu akilala akiwa na neno mdomoni namna ile.

Daktari alipasua.

Utumbo ulijitokeza umevimba, mwekundu, umejaa kama godoro lililonyeshewa. Aliufuata kwa vidole kuelekea chini, upande wa kulia. Umevimba. Umevimba. Kisha ghafla ukawa mwembamba kama mshipi wa suruali, mtupu, umelegea. Na pale penye mpaka kati ya unene na wembamba, palikuwa na kitu kigumu, kimekaa kama mlinzi aliyezuia geti.

Daktari alikisogeza nyuma kidogo, hadi penye utumbo wenye afya, akakata mkato mdogo, akakikamua kwa vidole viwili. Kikatoka na kudondoka kwenye bakuli la chuma kwa mlio uliosikika hadi kwenye sinki.

Lilikuwa jiwe. Kubwa kama yai dogo la kuku, la kahawia lenye ukijani, sura mbaya kuliko maelezo yake. Mtaalamu wa usingizi alisimama kuchungulia. Nesi alisema harusi imepona. Chini ya barakoa Daktari alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyeona jina lake likiwa la kwanza kwenye ubao wa matokeo.

Alishona mkato wa utumbo kwa utulivu, tabaka kwa tabaka. Utumbo ulianza kurudisha rangi yake. Kazi ilikuwa imekwisha. Nesi alikuwa tayari ameshika sindano ya kufungia tumbo.

Ndipo Daktari alipolichukua lile jiwe na kuligeuza chini ya taa, kwa furaha tu, alitazame vizuri kabla ya kulituma maabara.

Upande mmoja ulikuwa wa mviringo, wenye mikwaruzo. Upande wa pili vilevile. Alipoligeuza tena, tabasamu likaisha.

Upande wa tatu ulikuwa bapa. Bapa na laini, kama umepigwa randa.

Jiwe linalokua peke yake ndani ya mfuko huwa la mviringo pande zote, kwa kuwa halina linachosuguana nacho. Jiwe lenye uso bapa limekaa miaka likisuguana na jirani.

"Subiri," alimwambia nesi.

Akaurudisha mkono tumboni. Akaanza pale pale alipolitoa jiwe, akapanda juu, anaubonyeza utumbo kipande kwa kipande kati ya vidole. Hakuna kitu. Akaendelea. Hakuna kitu. Mtaalamu wa usingizi aliuliza kama wanafunga, maana shinikizo la damu limeanza kushuka kidogo na angependa wamalize. Vidole vya Daktari havikusimama. Alikuwa amefika juu kabisa, karibu na tumbo la chakula, pale utumbo unapopinda na kujificha nyuma.

Kidole kilikutana na kitu kigumu.

Akakipapasa mzunguko wake. Kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Akakishika kwa vidole viwili akivute chini, taratibu, kama alivyofanya kwa mwenzake, na kwa nukta moja kikamfuata.

Kisha kikateleza. Hakikwenda chini. Kilirudi juu, kilikotoka, kikapita kwenye lile tundu la mfuko wa nyongo na kuzama chini ya ini, na vidole vya Daktari vikabaki vimeshika utumbo mtupu, huku nyuma yake kengele ya mashine ya shinikizo la damu ikianza kulia.